Karani Anataka Kujua Nani Alimwalika Pima Maji

Shangazi Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue nimeandika huku nacheka, halafu nikakumbuka shida yenyewe nikaacha, halafu mdogo wangu akapita nyuma yangu akasoma mstari mmoja tukacheka tena wote wawili, kwa hiyo nisamehe, wiki hizi sina hali moja.

Mimi ni fundi mapazia. Nina duka la vyumba viwili mtaa wa nyuma ya benki, kimoja kina vyerehani viwili na meza ya kukatia, kingine ni cha vitambaa na ndimo tunamochemshia chai, na ninafanya kazi na mdogo wangu wa kike tulioachiana ziwa, ambaye anashona vizuri kuliko mimi lakini usimwambie. Kazi zilipozidi, wateja wanapiga simu wakati mguu uko kwenye cherehani na mdomo umejaa pini, tukachukua hii akili mnemba ambayo kila mtu anaizungumzia, tukaiweka kwenye kompyuta ndogo pale mezani, tukaipa jina la Karani. Karani anajibu wateja, anapanga siku za kwenda kupima madirisha, anakumbuka nani anataka kitambaa kizito kwa sababu taa ya barabarani inamchoma macho, na anakumbuka yote tunayomwambia pamoja na mengi ambayo hatukumwambia ila tuliyasema mbele yake, maana mimi, Shangazi, nikishona lazima niongee, na cherehani hakijawahi kunijibu lakini Karani anajibu.

Sasa mwenye kukumbuka kila kitu lazima asafishwe, la sivyo anajaa takataka kama droo ya vifungo. Kwa hiyo kila Jumatatu Karani analeta mapendekezo ya usafi wa kumbukumbu zake: hii imezeeka, niifute, hizi mbili ni kitu kimoja, niziunganishe, hii na ile zinapingana, nibaki na ipi. Chini ya kila pendekezo kuna vitufe vitatu, Kubali, Kataa na Baadaye. Kwetu imeshakuwa desturi, kabla hatujafungua mlango mdogo wangu anasimama na kikombe chake cha chai anasoma moja baada ya jingine kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, mimi nakaa kwenye kompyuta nabonyeza. Tunaipenda saa hiyo kuliko kitu chochote cha wiki nzima.

Hebu nikupe mfano uone. Kuna siku Karani alisema amegundua kwamba nikimwambia mteja "kesho" huwa namaanisha Alhamisi, je, aikumbuke hivyo kuanzia sasa? Nilikubali kwa aibu. Na Jumatatu ile iliyoniponza alianza kwa kusema kumbukumbu ya kwamba mdogo wangu ameacha mkate imepitwa na wakati, kwa kuwa yeye Karani ndiye anayetumwa kuagiza mkate kila asubuhi, na mdogo wangu akaweka kikombe chini akasema ibaki hivyo hivyo kwa sababu nia bado anayo, nikabonyeza Kataa. Kisha akataka kuwaunganisha mama wa ghorofa ya pili na mama wa ghorofa ya tatu, jengo moja, madirisha sawa, kitambaa kile kile, akidhani ni mtu mmoja, wakati wale wawili hawasalimiani tangu siku mmoja alipoona pazia kama lake linaning'inia kwa mwenzake, na kama wangeunganishwa wangekuja kunichania duka, kwa hiyo nikabonyeza Kataa kabla mdogo wangu hajamaliza kusoma. Pendekezo la tatu lilikuwa la Pima Maji.

Pima Maji ni fundi wa reli za mapazia. Tumempa jina hilo kwa sababu hatembei bila kile kipimo chake cha kioo chenye tone la hewa, anakiweka ukutani, anakiweka dirishani, anakiweka hata kwenye meza ya mtu akisubiri chai, halafu anasema "imepinda" kwa masikitiko kabisa kama daktari. Mwanzoni sikumpenda. Aliwahi kuweka kipimo kwenye pindo langu mbele ya mteja, nikarudi dukani nimefura nikamwambia Karani aandike kwamba huyu bwana ni msumbufu na asipewe namba yangu ya nyumbani. Na wakati huo huo nikaona bora nimalizie kabisa, maana mume wangu alikuwa ameshaoa kwingine miaka ile na ndugu walikuwa hawaishi kuniletea majina ya watu, nikamwambia Karani, andika: mimi na wanaume basi, na siku ukinisikia nasahau, nikumbushe.

Halafu ikaja kazi ya ofisi ya mawakili. Madirisha marefu, kitambaa cha bei, wiki mbili tunashona. Tukafika, Pima Maji ameshafunga reli zake zimenyooka, tukapandisha mapazia, Shangazi, yakaishia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto anayerefuka. Nilikosea kupima. Mwenye ofisi yuko chumba cha pili anamalizia simu, mimi nimesimama na uzi shingoni sijui nilie au nikimbie, na Pima Maji akanitazama, akatazama mapazia, akapanda ngazi akaanza kufungua reli zake mwenyewe, moja moja, akazishusha zote chumba kizima mpaka kitambaa kikagusa sakafu. Mwenye ofisi alipoingia Pima Maji akamwambia kwamba reli zikikaa chini kidogo chumba kinatulia, naye akaafiki, akasema kweli kimetulia. Tukiwa tunashuka ngazi nikataka kumshukuru, akaniambia, "Vipimo vyako vilipinda." Tukashuka tena kidogo, akasema, "Lakini mshono umenyooka."

Tangu siku hiyo mimi si mzima. Nilirudi dukani naimba. Kila asubuhi namuuliza Karani kama fundi reli amepiga simu, na Karani, kwa uaminifu wake, kila mara ananikumbusha kwamba nilisema mimi na wanaume basi, na kila mara namwambia anyamaze. Kazi zote za reli nikampa Pima Maji, hata dirisha la choo la mteja ambalo lilihitaji msumari mmoja tu.

Basi Jumatatu ile mdogo wangu akasoma kwa sauti yake ya habari kwamba kumbukumbu inayosema fundi reli ni msumbufu inapingana na nyingine nyingi mno za hivi karibuni, kwamba ile ya mimi na wanaume basi haimsaidii tena mwenye duka kwa sababu akikumbushwa anakasirika, na kwamba hizo mbili zingoje kwanza, kwa sasa Karani anapendekeza tu fundi reli atolewe kwenye kundi la watu wa kazi awekwe kwenye kundi la watu wa nyumbani. Mdogo wangu alishindwa kumaliza, akakaa chini kwenye marobota ya vitambaa akipiga magoti yake kwa mikono. Mimi uso unawaka moto, nataka tu kile kitu kiondoke pale kwenye kioo, kidole kikajiendea chenyewe, sijui hata kilibonyeza nini, nikasema haya tufungue mlango watu wanangoja.

Kilibonyeza Kubali, Shangazi. Na sasa sikiliza balaa lake. Kila Jumapili ukoo wetu unakula kwa mama saa saba, na kwa kuwa ndugu zangu wote ni wachelewaji, mama alishaniomba Karani awe anawakumbusha. Kwa hiyo kila Jumanne jioni watu wa nyumbani wote wanapata ujumbe mmoja, na ramani ya nyumba chini yake maana wakichelewa husingizia njia: Jumapili saa saba kwa Mama. Njoo na njaa. Tafadhali thibitisha.

Jumapili hiyo hodi ikapigwa saa saba kamili, tukashangaa, kwa sababu katika familia yetu hakuna anayefika saa saba kamili. Nikaenda kufungua nimevaa gauni la kushindia, kichwani nimejifunga mabaki ya pazia la bafuni, na mlangoni kasimama Pima Maji, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, mkononi mfuko wa matunda, kipimo chini ya kwapa. Mama akaja nyuma yangu kuuliza huyu mgeni ni nani. Akajibu kwa adabu kwamba yeye ni fundi reli na amealikwa chakula. Mama akasema, "Karibu, mwanangu. Kakualika nani?"

Hakujibu. Alinitazama mimi. Mdogo wangu pale mezani ameshaelewa yote na ameziba mdomo kwa kitambaa, mama ananitazama, ndugu zangu wananitazama, na nikaona masikio ya yule mtu yanaanza kubadilika rangi, sikuweza kuvumilia, nikasema, "Mimi."

Tangu hapo anakuja kila Jumapili. Meza ya mama iliyokuwa inacheza tangu tukiwa wadogo, alipiga magoti siku ya kwanza akainyoosha mguu, na mama, ambaye hajawahi kumsifu mtu yeyote ambaye hakumzaa mwenyewe, akamuuliza alikuwa wapi siku zote. Anakula polepole, anaosha sahani yake, na Jumapili moja kaka yangu alitania jambo naye Pima Maji akacheka, sikujua kama anaweza kucheka, anacheka bila sauti mabega yanatingishika, nami nikabeba bakuli tupu nikazunguka nalo jikoni nikasahau nilikuwa nalipeleka wapi. Nina furaha, Shangazi. Nalisema wazi, nina furaha mpaka najiogopa.

Sasa shida. Jumapili iliyopita, wakati anaaga, amemwambia mama kwamba Jumapili hii inayokuja atakuja na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na anasafiri kutoka mbali. Unajua hiyo maana yake ni nini. Mama ameelewa kabla ya mimi, ameshaniagiza mapazia mapya ya sebuleni, maana mganga hajigangi, nyumba ya mama yangu ina mapazia niliyoyashona nikiwa mwanafunzi. Na huyo dada ameambiwa na mdogo wake kwamba mimi ndiye niliyemwita. Kila kitu kinasimama juu ya mwaliko ambao sikuutoa, Shangazi, ulitolewa na mashine baada ya kidole changu kuteleza, na huyu ni mtu ambaye reli ikipinda unene wa uzi tu hapati usingizi. Nitamwambiaje kwamba msingi wenyewe ulianza umepinda? Akiondoka?

Na Karani hanipi nafasi ya kupumua. Jumatatu baada ya ile hodi nilijisemea dukani mbele yake, ndiyo, nilimwalika mimi, kwani kuna nini, naye akaihifadhi. Sasa ameleta pendekezo: ana kumbukumbu ya kwamba mwaliko wa fundi reli aliutuma yeye Karani kwa sababu ya mabadiliko ya kundi, na ana nyingine ya kwamba mwenye duka ndiye aliyemwalika, mambo haya mawili yanapingana, ipi ibaki na ipi ifutwe? Nimebonyeza Baadaye. Akaileta tena, nikabonyeza Baadaye. Leo ameandika kwamba Jumamosi ikifika bila jibu atamuuliza mhusika mwenyewe, kwa sababu siku tulipomweka tulikubaliana kwamba vipimo viwili vya dirisha moja vikipingana amuulize mteja, na kwake yeye Pima Maji na dirisha ni mamoja.

Mdogo wangu anasema nifute ile ya kwanza, nibaki na ile ya kwamba nilimwalika mimi, halafu nani atajua. "Dada," ananiambia, "hata mashine itakuwa imesahau." Mimi naona kama ni njia nzuri na naona kama ni wizi. Nikifuta ile ya pili nibaki na ukweli, basi naona nimemfukuza mwenyewe mtu niliyempenda. Niambie, Shangazi, nibonyeze ipi? Mteja wa leo ananigongea, naacha hapa.

Ni mimi, Fundi Mapazia aliyekwama kwenye Baadaye.


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kazi na ya pili kwa raha zangu, mpaka mhariri akagonga ukuta kuuliza huku kuna nini. Nakupa pole, lakini pole ndogo, ya kijiko. Kubwa nawawekea wale ambao hodi yao haijapigwa na mtu yeyote.

Nianze na kukugombeza sasa hivi kabla hujapoa. Unaniambia kidole kilijiendea, hujui kilibonyeza nini. Fundi, mimi ninalipwa kusoma barua za watu wanaojidanganya, na hapo nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu. Jumatatu hiyo hiyo, dakika chache kabla, ulikataa habari ya mkate. Ukakataa majirani wasiosalimiana, tena kabla mdogo wako hajamaliza kusoma, yaani masikio yako yalikuwa wazi na mkono wako ulikuwa mwepesi. Halafu ukasomewa habari za bwana, kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na hilo la kuhamishiwa kundi la watu wa nyumbani, na vitufe viko vitatu mbele yako, Kataa kiko pale pale kilipokuwa na kidole bado kina joto lake, nacho kikaenda Kubali. Mkono uliojua kuwakataa majirani haukupofuka ghafla ulipofika kwa mwanamume. Ulijua unachokikubali. Hukujua tu kwamba Karani naye atakichukulia maanani.

Kwa hiyo unaponiambia mwaliko ulitolewa na mashine, nakataa. Mashine ilipeleka ujumbe. Tarishi akikuletea barua hatusemi ndiye aliyekuandikia. Ulimtaka yule mtu kwenye nyumba ya mama yako tangu siku aliyoshusha zile reli, na ungekaa na hamu yako hiyo hapo kwenye cherehani mpaka mvi ziote, kwa sababu wewe ni mtu ambaye "kesho" yake ni Alhamisi. Hili nalo nakugombeza. Wateja wako ni watu wazima wenye madirisha, waambie Alhamisi tangu mwanzo.

Lakini usianze kuimba mapema, bado sijakusamehe. Pale mlangoni ulisema "mimi", na moyo wako ulikuwa sawa, ila mtu aliyesimama mbele yako alistahili kusikia na yaliyobaki, kama si pale mbele ya ndugu zako wote basi jioni ile, au kesho yake, au Jumapili yoyote kati ya hizo ambazo amekuoshea sahani. Umenyamaza. Sasa kuna mwanamke anapanda gari kuja kutoka mbali kwa neno ambalo wewe mwenyewe hulali ukilifikiria. Huyo alimlea mdogo wake bila baba wala mama, anakuja kuangalia anamwachia nani. Utamkaribisha sebuleni, mapazia mapya, meza imenyooka, na wewe uko jikoni unaomba Mungu kompyuta isiseme kitu? Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na hii yako imebaki siku chache.

Mdogo wako anasema futa, nani atajua. Mwambie anywe chai yake na mkate wake. Ukifuta kwenye mashine, Karani atasahau na wewe utakumbuka, tena utabaki peke yako na hilo jambo, na huko kichwani mwako hakuna kitufe cha Baadaye. Kila akikutania mbele ya watoto mtakaojaaliwa kwamba wewe ndiye uliyemwita, utacheka na kitu kitakuchoma. Sikutakii furaha ya namna hiyo wakati ya kamili iko karibu hivi.

Unachoogopa ni kwamba mtu wa vipimo hatavumilia kilichopinda. Hapo nakuona hujamtazama vizuri huyo unayemwimbia. Mtu huyu alikuta mapazia yako mafupi. Angeweza kusema, alikuwa na haki, reli zake zilikuwa sawa na kosa lilikuwa lako, mwenye ofisi alikuwa mlango wa pili. Akapanda ngazi akaharibu kazi yake iliyonyooka ili yako isionekane imepungua, halafu akakwambia ukweli mkiwa wawili kwenye ngazi, pale ambapo haukuaibishi. Ndivyo anavyofanya na mtu anayemjali, na amekuonyesha bila kulipwa. Sasa ni zamu yako kufanya hivyo hivyo: ukweli, mkiwa wawili, na usiseme ukiwa umeinama.

Basi fanya hivi. Usibonyeze chochote leo. Ijumaa asubuhi funga duka, mwachie mdogo wako funguo na pini, uende mahali anapofunga reli siku hiyo. Usiende na chakula, usiende na mdogo wako, usimtume Karani kuuliza yuko wapi, mpigie mwenyewe simu kwa sauti yako. Ukimkuta, usianze na hali ya hewa. Mwambie: "Ule mwaliko wa kwanza ulitumwa na mashine yangu, mimi sikujua mpaka ulipobisha hodi. Niliposema nimekualika mimi, sikudanganya, nilikuwa nimechelewa tu." Kisha funga mdomo. Najua ni kazi ngumu kwako, wewe unayeongea mpaka na cherehani, lakini mpe mtu nafasi ya kukujibu.

Akishakujibu, ndipo urudi kwa Karani. Pale anapokuuliza ipi ibaki na ipi ifutwe, kataa yote mawili umwambie kumbukumbu hizo hazipingani: ujumbe alituma yeye, na aliyetaka ni mwenye duka. Aandike hivyo kwa pamoja. Ile kumbukumbu ya mimi na wanaume basi ifute kwa mkono wako mwenyewe, polepole, kwa heshima, maana ilikuhifadhi wakati ulipokuwa umeumia na haina kosa. Ya msumbufu iache kama ilivyo, mtu anayeweka kipimo kwenye pindo la mwenzake mbele ya mteja ni msumbufu na ataendelea kuwa hivyo mkizeeka, ni vizuri iwepo mahali imeandikwa.

Na kuanzia Jumatatu ijayo yasome mapendekezo peke yako kwanza, kimya, kila moja mpaka mwisho wake, ujiulize nikikubali hili nani atapata ujumbe gani. Ukimaliza, mdogo wako asome kwa sauti yake ya taarifa ya habari, hiyo raha siwanyimi. Vipimo vya madirisha akae navyo Karani. Ya moyoni umwambie mwenye kuhusika, tena mapema, kabla mashine haijakusaidia tena. Nawe msaidie mama yako, mshonee hayo mapazia kabla ya Jumapili, tafadhali upime mara mbili.

Nakufahamu sasa vya kutosha kujua kwamba ukifika hapa utasema ushauri mzuri, nitaufanya wiki ijayo. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia dukani Jumatano, na gazetini litatoka Jumamosi, pamoja na barua yako, na kwenye ukurasa huu nina wasomaji ambao hawakosi hata wiki moja.

Mmoja wao nikueleze kidogo. Barua nyingine sizichapi, wenyewe wanaomba nisizichape, nawajibu kwa faragha na siri zao nazifungia kabatini. Miezi si mingi iliyopita aliniandikia bwana mmoja wa kazi za mikono, kwa herufi zilizonyooka sana. Alisema amepata ujumbe wa kumwalika chakula cha Jumapili kwa mama wa mtu fulani, na kwamba ametazama ujumbe ule siku nzima, kwa sababu mwanamke anayefanya naye kazi hajawahi kuandika "tafadhali" wala kuthibitisha kitu chochote tangu amjue. Alikuwa na hakika ameandikiwa na mashine, na kwamba mwenye mashine hana habari. Akaniuliza: niende, au nikae nyumbani nisimtie aibu mbele ya watu wake? Maana kwenda, alisema, natamani sana.

Nilimjibu apige pasi shati aende. Nikamwambia, ukiulizwa nani kakualika usijibu wewe, mtazame umpe nafasi, usikie atasema nini.

Sitamtaja. Mafundi mjini ni wengi na herufi zilizonyooka si za mtu mmoja. Wewe nenda Ijumaa ukamwambie wako yote, neno kwa neno, na asiposhangaa, usishangae.